Uraia, Pasipoti na Viza: Mambo Matatu Yanayochanganywa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila mwaka inapokaribia miezi ya Haji, baraza ya madrasa yetu hugeuka ikawa kama ofisi. Huja wazee, huja akina mama, huja na vijana wanaotaka kwenda Bara Arabu kutafuta maisha, kila mmoja na bahasha yake mkononi, na wote husema neno moja: "Mwalimu, nataka pasipoti." Nasi tukiwauliza hiyo pasipoti waitakia nini, aghlabu huonekana ya kuwa wakitakacho si pasipoti. Huyu ataka viza. Yule hana hata kitambulisho. Mwingine ataka kujua kama mjukuu wake aliyezaliwa Maskati ni wa huko ama ni wa huku kwetu. Mambo haya ni matatu, na kila moja lina mlango wake, na mwenye kubisha mlango usio wake hupoteza fedha, na lililo zito zaidi, hupoteza mwaka.

Na tuanze kwa kosa letu wenyewe, maana si adabu kuwahisabia watu makosa na letu tukalifunika. Shangazi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akipika mahamri na mbaazi na kuuza asubuhi, na kila siku alitia kitu kidogo katika kopo la maziwa, nia yake ni Haji. Alifanya hivyo miaka kumi na miwili. Zamani alipotaka kitambulisho cha taifa, sisi ndio tuliomjazia fomu, kwa kuwa yeye alisoma Qur'ani tu na hati za kizungu hakuzijua. Tukamwandika "Mwanaesha Ali". Cheti chake cha kuzaliwa, alichokuja kupata baadaye kwa mkono wa mtu mwingine, kikasema "Mwana Aisha Ali Omar". Mwaka wa kuzaliwa nao ukatofautiana kwa miaka mitatu, kwani yeye alijihisabia umri kwa mwaka wa njaa, na njaa zilikuwa nyingi. Fomu ya pasipoti ikarudishwa. Tukaambiwa tule kiapo mbele ya wakili, tusahihishe cheti, tungoje. Tukangoja hata viza za Haji za mwaka ule zikafungwa, hali ya kuwa fedha iko mkononi. Mwaka uliofuata magoti yalimkataa, na mwaka wa tatu hakuwako. Aliyemhijia ni mwanawe, kwa badali. Shangazi alijua ni nani aliyemwandika Mwanaesha, na hakututajia hata siku moja.

Tangu siku hiyo tumejifunza kuyabagua mambo haya, na leo twapenda kuwaeleza wenzetu.

Mswahili akifika nyumba ya mtu hupiga hodi, hata kama mlango u wazi. Basi tuchukue mfano huo huo. Uraia ni kuwa na kwenu. Pasipoti ni barua itolewayo na serikali ya kwenu, isemayo kuwa fulani huyu, mwenye sura hii, ni wetu, mpisheni, na mkimrudisha sisi tutampokea. Viza ni jawabu ya mwenye nyumba uliyepiga hodi: karibu, lakini karibu barazani, si ndani, na karibu mpaka alasiri. Mwenye barua nzuri aweza kukosa jawabu. Na mwenye jawabu vilevile aweza kusimamishwa mlangoni, kwa kuwa hukumu ya mwisho i mikononi mwa afisa wa uhamiaji pale unaposhuka. Lakini asiye na kwao hana wa kumwandikia barua, wala hodi yake haisikiki.

Kwa hivyo uraia ndio mzizi, na ndio tutakaoukalia zaidi.

Wengi hudhani ya kuwa kuzaliwa katika ardhi ya nchi ndiko kunakomfanya mtu kuwa raia. Ziko nchi, kama Kanada, ambako hivyo ndivyo. Huku kwetu sivyo. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, raia kwa kuzaliwa ni yule ambaye siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia, azaliwe Lamu au azaliwe Jeddah. Neno "au mama" si dogo. Kabla ya mwaka huo, binti wa Kikenya aliyeolewa na mgeni akazaa ng'ambo hakuweza kumrithisha mwanawe uraia kama alivyoweza ndugu yake mwanamume. Basi wale wajukuu waliozaliwa Maskati, ikiwa mama yao ni raia wa Kenya, ni wetu kwa sheria. Kilichobaki ni kuwathibitisha kwa hati.

Sisi watu wa pwani khabari hii ina historia yake. Mkanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa ni milki ya Sultani wa Unguja, Waingereza wakiutawala kwa mkataba tangu mwaka 1895, mpaka Oktoba 1963 yalipoandikwa maafikiano ya kuutia katika Kenya. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja amezaliwa Kenya, alikuwa raia pale pale bila ya kuomba. Aliyezaliwa Kenya lakini wazazi wake wote wawili wamezaliwa nje, huyo alipewa muda wa miaka miwili ajiandikishe. Muda ule ulikwisha Desemba 1965. Aliyekuwa mjini na gazeti mkononi alipata khabari. Aliyekuwa baharini na nyavu zake hakupata.

Hapo ndipo ilipoanza taabu ya ndugu zetu Wapemba. Watu hawa walihamia pwani ya Kenya kwa uvuvi tangu kabla ya uhuru, na wengine wakaja baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, wakakaa Kwale, Kilifi na Lamu. Wameoa kwetu na wameoza kwetu. Watoto wao wamesoma nasi vyuoni, na wazee wao twawazika katika makaburi yetu. Lakini kitambulisho hawakuwa nacho, na baba asiyekuwa nacho alizaa mtoto asiyekuwa nacho, na mtoto akazaa mjukuu. Mtu wa namna hii hawezi kufungua hisabu ya benki, wala kuandikisha simu kwa jina lake, wala kukata leseni ya uvuvi. Samaki aliowavua kwa mkono wake aliwauza kwa jina la mwingine.

Mvuvi mmoja jirani yetu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, alitwambia kuwa ameijua bahari kutoka Kismayu mpaka Mtwara, na bahari haikumuuliza ni wa nani. Fedha za Haji alikuwa nazo mara mbili, na mara zote mbili ziliishia katika kulipa karo na kujenga, kwa sababu alijua hazina njia. Masheikh walipoutaja uwezo wa Haji walitaja masurufu na kipando na amani ya njia. Sisi twaona ya kuwa mtu asiye na dola ya kumwandikia barua amefungiwa njia, japo hana deni la mtu na mwili wake u mzima.

Mwezi wa Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuwatambua Wapemba kuwa ni miongoni mwa jamii za Kenya. Kabla yao Wamakonde wa Kwale, ambao asili yao ni Msumbiji, walifunga safari mwaka 2016 kwenda Ikulu ya Nairobi kudai haki yao, wakaanza kupewa vitambulisho mwaka ule ule. Na mwezi wa Februari 2025 serikali ilitangaza kuondoa ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa mipakani, khasa Waislamu wa Kaskazini Mashariki, kila walipotaka kitambulisho. Mambo haya ni ya kushukuriwa. Walakini tangazo ni jambo moja na karatasi ni jambo la pili, na mwenye haki asiyekwenda kuifuata kwa hati zake atabaki nayo mdomoni.

Swali la uraia wa nchi mbili twaulizwa sana, khasa na wenye jamaa Oman, ambako watu wengi wa asili ya Unguja na pwani walirejea baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Jawabu ni kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu raia kwa kuzaliwa kuchukua uraia wa nchi nyingine bila ya kuupoteza wa kwanza, ila sheria ya mwaka 2011 yamlazimisha aiarifu serikali ndani ya miezi mitatu. Tanzania hairuhusu jambo hilo kwa mtu mzima, na sheria yake ya uraia ni ya mwaka 1995. Oman nayo haimruhusu raia wake kushika uraia mwingine ila kwa idhini makhsusi. Basi haitoshi kujua sheria ya upande mmoja. Kijana wa Mombasa na binamu yake wa Unguja waweza kula sahani moja Maskati na kuchukua uraia wa huko siku moja, na khasara ya mmoja isiwe khasara ya mwingine.

Sasa tuje kwenye pasipoti yenyewe. Babu zetu walipanda majahazi kwenda Hadhramaut na Hijazi bila ya kijitabu chenye picha. Kitabu hiki kama tukijuacho kilitokana na Vita Kuu ya kwanza, nchi zilipoanza kuogopana. Mwaka 1920 mataifa yalikutana Paris yakapatana juu ya umbo lake, yakashauri kiwe na kurasa 32. Mwaka 1922 alipatikana mtu wa Norway, Fridtjof Nansen, akaanzisha pasi makhsusi kwa wakimbizi wa Kirusi waliopoteza kwao, kwa kuwa ilikwisha onekana ya kuwa mtu asiye na karatasi hawezi kuvuka hata mto. Na tangu Novemba 2015, kwa kanuni za shirika la mataifa la usafiri wa ndege, pasipoti isiyosomeka kwa mashine haikubaliwi tena. Kenya na Tanzania hivi sasa zinatoa pasipoti ya elektroniki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo kwa raia wa kawaida hudumu miaka kumi.

Lakini mtu asidanganyike akadhani ya kuwa kuwa na pasipoti ni kuwa na haki zote. Wahindi wengi wa Kenya walibaki na pasipoti za Kiingereza baada ya uhuru. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ikawazuia wasiingie Uingereza bila ya kibali, japo kitabu walichoshika kilitolewa na Uingereza yenyewe. Miaka minne baadaye Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 watoke, na hapo ndipo kila nyumba ilipofungua masanduku kutazama ina kitabu cha wapi.

Kwa nyumba zetu tunayo machache ya kuwaambia. Pasipoti iwe na muda usiopungua miezi sita mbele, na kurasa tupu. Kila mtoto ana pasipoti yake, hata aliye kifuani; ule wakati wa kuandikwa katika kitabu cha mama umepita. Na mwenye kwenda Tanga kwa njia ya Lungalunga asidhani kitambulisho kinatosha: baina ya Kenya, Uganda na Rwanda kinatosha tangu mwaka 2014, lakini kuingia Tanzania yatakiwa pasipoti au pasi ya muda. Tumeona arusi ikingoja mpakani kwa jambo hili, na biharusi yumo garini.

Na majina! Mtu mmoja kwetu ni Fatuma kwa nyanya yake, Fatma shuleni, Fatime kwa mumewe. Muhammad tumemwona akiandikwa namna tano katika nyumba moja. Mwenye "bin" katika cheti, akalikosa katika kitambulisho, kwa mashine ya kompyuta huyo ni watu wawili. Huku kwetu ni mapenzi na mazoea, na kule ni sababu ya kurudishwa. Jina linaloandikwa siku ya kuzaliwa ndilo litakalomfuata mtu mpaka Arafa.

Viza nayo ina namna zake, na hapa ndipo watu wanapoangamia. Iko viza ya kuzuru, viza ya kazi, viza ya masomo, viza ya Haji. Kila moja ni jawabu ya swali moja tu. Nchi 29 za Ulaya zimepatana katika mapatano ya Schengen hata viza moja yakutosha kuzizunguka, lakini ni kwa siku 90 katika kila siku 180, na si kwa kazi. Saudia nayo imekataza kuhiji kwa viza ya kuzuru. Mwaka 2024, joto la Makka lilipovuka digrii 50, walikufa mahujaji 1,301 kwa hisabu ya serikali ya Saudia yenyewe, na katika kila mia 83 walikuwa watu wasio na kibali cha Haji. Watu hao hawakuwa na kambi, wala basi, wala hema lenye kivuli. Walitembea mwendo mrefu juani kwa kuwa mahali palipoandaliwa hapakuwa pao. Mwaka uliofuata ikatangazwa faini ya hadi riyali 20,000 kwa mwenye kujaribu kuhiji bila ya kibali.

Tumesikia baadhi ya mawakala wakiwaambia wazee wetu, "Nenda kwa viza ya kuzuru, ukifika Mungu atafungua." Tunawajibu kwa jambo ambalo hata watoto wa chuo wanalijua. Mwaka wa sita wa Hijra Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoka Madina na Masahaba wapatao elfu moja na mia nne kwa nia ya Umra, wamevaa ihramu na wanyama wa kuchinja wako mbele yao. Makureshi wakawazuia Hudaybiya. Walikuwa karibu, na Nyumba ni ya Mwenyezi Mungu, wala hapakuwa na aliyeistahiki kuliko wao. Lakini Mtume aliandikiana mkataba nao, akachinja pale pale, akanyoa, akarudi. Mwaka wa saba akaingia kwa mujibu wa mkataba, akafanya Umra yake. Je, mzee wetu wa Malindi ana haki ya kupenya kuliko hiyo? Na mafakihi wameeleza tangu zamani ya kuwa mwenye kuingia nchi kwa amani aliyopewa imempasa kutimiza sharti za amani hiyo. Viza ni katika namna hiyo. Mwenye kuipata kwa uongo ameanza safari ya ibada kwa uongo, na hilo hatuwezi kumpambia.

Vijana waendao Ghuba kwa kazi nao wana lao. Aingiaye kwa viza ya kuzuru kisha akafanya kazi hana wa kumshitakia akinyimwa mshahara, kwani kwa sheria ya pale hakuajiriwa. Awe na viza ya kazi, awe na mkataba alioukubali kabla ya kupanda ndege, auelewe, au asomewe na mtu anayemwamini. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na sheria za Saudia na Qatar zenyewe zimekataza mwajiri kumzuilia mfanyakazi pasipoti yake. Twajua ya kuwa wako wanaozizuia. Kwa hivyo nakili ya kila karatasi ibaki kwa mama yake nyumbani, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wa Kenya katika nchi aendayo. Binti mmoja wa mtaa wetu aliokoka kwa karatasi ya namna hii, ambayo mama yake aliiweka ndani ya msahafu.

Yule mvuvi jirani yetu alipata kitambulisho chake, na baada ya Ramadhani alikuja barazani na bahasha. Tulimjazia fomu ya pasipoti. Tulikaa naye kutoka alasiri mpaka karibu na magharibi, tukilisoma jina lake herufi kwa herufi, la kitambulisho huku na la cheti huku. Tulimwambia ailete fomu kesho yake tuitazame tena kabla ya kuipeleka, akacheka, kisha akaileta.

Katika madrasa yetu, kuanzia mwezi huu, jina la kila mtoto litaandikwa daftarini kama lilivyo katika cheti chake cha kuzaliwa, wala si kama anavyoitwa nyumbani. Katika watoto 64 tulio nao, wazazi wa watoto 19 hawajaleta cheti, na katika hao saba wametwambia kuwa hakijapata kukatwa. Siku ya Jumamosi baada ya swala ya alasiri tutakuwa barazani na fomu za kuandikisha uzazi. Mzazi aje na kitambulisho chake, na karatasi ya hospitali au kadi ya chanjo ya mtoto, na ikiwa mtoto alizaliwa nyumbani, tutamweleza namna ya kupata barua ya chifu.